Kaburi la Ng'ambo ya Reli

Bi Shamsia alikata roho alfajiri, mvua ikiwa imeanza kupusa. Neno lake la mwisho lenye maana alikuwa amekwisha kulisema juzi yake. Alimwambia binti yake Nasra, aliyekuwa akimbadilishia kanga iliyolowa jasho, "Mkanipeleke kwa mama." Basi. Hakuongeza.

Nasra hakuhitaji kuelezwa kwa mama ni wapi. Ni kule upande wa mlimani, ng'ambo ya reli, kwenye shamba la ukoo lenye migomba na mifenesi, alikolala bibi yake, na mama yake bibi, na wengine ambao majina yao hutajwa siku za kuwaombea tu. Kwa Waluguru mtoto ni wa kwa mama yake. Mwanamke anaolewa, anahama, anazaa na kulea kwa watu, lakini ukoo wa Bi Shamsia haukukubali mtu wao alale ugenini. Akifa anarudishwa. Tena anarudishwa kwa njia ileile aliyoletewa siku ya harusi yake, mabegani mwa wanaume, bila gari. Ndugu wa ukoo wanakuja kumpokea njiani, na anayepokea mti wa jeneza anakuwa amesema mbele za watu kwamba huyu ni wetu.

Njia yenyewe haikuwa ndefu. Ukitoka nyumbani kwa Mzee Salehe, mume wa marehemu, hapo kitongojini Mgudeni, upande huu wa Kingolwira, unapita kisimani, unakata reli, unaingia mashambani, unaanza kupanda. Mtoto aliyetumwa chumvi kwa bibi yake alikuwa anarudi na jiko bado linawaka.

Hiyo ni zamani, ilipokuwa reli moja, ya Mjerumani. Baba yake Bi Shamsia alifanya kazi kwenye genge la reli hiyo, na nyumbani kwao walikuwa wakiijua treni kama mtu anavyomjua jirani: hii ya abiria, hii ya mizigo, hii leo imechelewa, kuna jambo. Bi Shamsia alipenda kusimulia siku alipoolewa. Walikuta treni ya mizigo imekwama katikati ya njia, imezuia harusi nzima, ngoma huku, bwana harusi kule. Fundi wa treni akashuka, akacheka, akasema bibi harusi hasubirishwi. Akamshika mkono akampitisha kati ya behewa na behewa, kanga zake zikapakwa grisi. "Mimi nilipigiwa honi," alikuwa akisema. "Nyie mmepigiwa nini?"

Baadaye treni zikaadimika. Nyasi zikaota katikati ya mataruma, watu wakawa wanaanika mihogo juu ya kokoto na mbuzi wanalala relini mpaka wanachoka wenyewe. Ndipo ikaja reli mpya. Yalikuja matingatinga, ukajengwa tuta refu kupita paa za nyumba, zikasimamishwa nguzo na nyaya za umeme. Kitongoji kilifurahi, tusidanganyane. Hafidhi, kaka yake Nasra, alipata kazi ya kubeba zege. Nasra mwenyewe alisonga ugali wa mafundi mpaka viganja vikaota sugu. Treni ya umeme ilipopita mara ya kwanza, Bi Shamsia alipiga vigelegele kuliko wote, ingawa ilipita fyuu, kabla kigelegele hakijaisha.

Mwisho kabisa ndipo ulipokuja uzio. Chuma kirefu, juu kina miiba, pande zote mbili za tuta. Pale ilipokatiza njia yao waliwekewa geti dogo la mafundi, lenye kufuli. Wao walionyeshwa karavati, lile pango la zege la kupita chini ya tuta, kule bondeni kwenye kona. Kiangazi lilikuwa zuri, lina kivuli, mbuzi walilipenda. Masika maji yote ya mlimani yaliona ndiyo njia yao.

Nasra aliliona hilo mapema. Mama yake alipozidiwa, alikwenda kutafuta majani ya kumfukiza, akasimama juu ya karavati akatazama. Maji yalikuwa yamejaa hadi kifuani pa mtu mzima, mekundu, yanabiringisha magogo. Aliporudi alimwambia baba yake.

"Maji hayo yanashuka," alisema Mzee Salehe.

"Na yasiposhuka, baba?"

"Unataka kumzika mama yako na yuko hai?"

Aibu ilimshika Nasra, maana hicho ndicho alichokuwa anakiwaza.

Sasa mama amekufa. Walikuwa wamekwisha kumkosha na kumvika sanda. Mjomba Luqmani, kaka yake marehemu na mkubwa wa ukoo, alikuwa amepiga simu kutoka ng'ambo kwamba vijana wanachimba, udongo ni laini, kufikia adhuhuri kaburi litakuwa tayari. Habari ya gari iliguswa ikaachwa. Daraja la magari liko mbali, kuelekea mjini, na barabara ya kupanda kwao ilikuwa imekatika. "Hata pikipiki hazipandi tangu juzi," alisema Mjomba. "Mleteni kwa njia yake."

Nasra alimfuata baba yake uani, alipokuwa akinawa miguu.

"Baba, karavati halipitiki. Nimetoka kuangalia."

"Tutapita getini. Emmanuel yupo."

Emmanuel alikuwa mlinzi wa uzio, kijana mgeni, na chakula cha mchana alikuwa akila kwa Bi Shamsia mara nyingi kuliko kwake. Mwaka jana, treni zikiwa bado za majaribio, alifungua geti ukapita msiba wa Mzee Andrea. Kila mtu alikumbuka.

"Basi mpigie simu kwanza. Ajue mnakuja."

Mzee Salehe alimtazama mwanawe kama aliyesikia tusi. "Nasra, mama. Jeneza halibishi hodi kwa simu. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyeliona jeneza akakaa njiani. Magari yanasimama, mabwana wakubwa wanavua kofia. Emmanuel akiliona atafungua."

Na ndivyo walivyoamini wote, mpaka sheikh. Hakuna aliyempigia Emmanuel. Waliona kumwomba mtu ruhusa ya kupitisha maiti ni kumvunjia heshima maiti.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza liliondoka, limefunikwa shuka la kijani na juu yake kanga mpya ya marehemu. Wanaume wakapokezana mabega, *la ilaha illallah*, wakateremka kisimani. Wanawake walibaki. Kwao mwanamke hafuati jeneza. Analia nyumbani, anapika, anangoja kuambiwa tumeshamlaza.

Nasra hakuweza kungoja jikoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na kilima cha kifusi walichokiacha mafundi, kimekwisha kuota magugu. Ukisimama juu yake unaiona reli. Alipanda, na Filomena, jirani yao, akapanda nyuma yake akihema.

"Wifi, hapa si makaburini," alisema Filomena. "Hapa ni jalalani. Hatujavunja sheria ya mtu. Sogea na mimi nione."

Kabla wanaume hawajaondoka Nasra alikuwa amemshika kaka yake mkono. "Hafidhi, nipigie, halafu simu uiache wazi mfukoni." Hafidhi hakuuliza kwa nini. Sasa simu ilikuwa sikioni mwa Nasra, na ndani yake aliisikia miguu kwenye matope, na pumzi ya kaka yake, na watu wakimtaja Mungu.

Macho yake yaliona jeneza dogo la kijani linavuka reli ya zamani, linafika kwenye uzio, linasimama. Sikio lake likasikia sauti ya baba yake.

"Emmanuel, mwanangu. Tumekuja na mama yako."

"Shikamoo mzee. Poleni. Poleni sana jamani." alisema Emmanuel. "Mzee, mbona hamkuniambia?"

"Tumekwambia sasa. Fungua."

"Kufuli si langu tena. Lile la mwaka jana lilitaka kunifukuzisha kazi. Wamelibadilisha, ufunguo uko mjini kwa bosi. Mimi hapa nalinda tu."

Kijana mmoja akadakia, "Ugali wa marehemu ulikuwa unaufungulia mdomo, sivyo? Leo geti ndiyo huwezi?"

"Nipekueni basi!" alisema Emmanuel. Kutoka kwenye kifusi Nasra alimwona akiinua mikono juu, koti lake la mvua limefunguka. "Nipekueni mifuko. Ningekuwa nao ningeuficha mbele ya Mama Nasra?"

Hakuna aliyempekua. Wakamwambia apige simu kwa huyo bosi. Akapiga. Bosi akasema poleni, lakini treni ziko njiani na geti la mafundi haliruhusiwi raia, angoje amuulize mwenzake. Wakangoja. Mwenzake hakupokea. Emmanuel akapiga tena, bosi akasema bado anamtafuta.

Sasa upande wa pili wa tuta watu walikuwa wamejitokeza. Ukoo ulikuwa umekuja kumpokea mtu wao. Nasra alimtambua Mjomba Luqmani kwa kilemba chake, na nyuma yake vijana wenye majembe, magoti yamejaa udongo wa kaburini. Walijipanga mstari mbele ya uzio wao, mikono tayari. Kati ya mikono ile na jeneza palikuwa na uzio, tuta, na uzio.

"Hivi kweli," alinong'ona Filomena, "wamefika wanaangaliana tu?"

"Wanaangaliana," alisema Nasra.

Jeneza halikuwekwa chini. Kwao likishatoka nyumbani haliwekwi chini mpaka kaburini, wala halirudishwi mlangoni, hivyo wanaume walipokezana wamesimama palepale. Sheikh alisema maiti asicheleweshwe, mama wa watu amekoshwa saa nyingi, jua hili la baada ya mvua ni kali. Vijana wakasema lipandishwe juu ya uzio. Hafidhi ndiye aliyetangulia. Nasra alisikia kitambaa kikichanika kwenye miiba.

"Shuka! Hafidhi, shuka, ndugu yangu, inakuja!" alipiga kelele Emmanuel.

Haikusikika ikija. Nyaya zilitoa mlio mwembamba kama wa mbu, kisha ikawa imefika, pua imechongoka, madirisha yanameta. Upepo wake uliichota kanga ya marehemu juu ya jeneza ukaitupia kwenye uzio. Ikanasa huko juu, inapepea. Mzee Salehe alikuwa ameinua mkono mmoja hewani, kiganja wazi, kama walivyokuwa wakimsimamisha dereva wa treni ya zamani. Mkono ulibaki juu hata treni ilipokwisha kupita.

Hafidhi alishuka. Hakuna aliyepanda tena.

Wakaanza kuzungumza kwa kupigiana kelele, Mzee Salehe upande huu, Mjomba Luqmani upande ule.

"Shemeji! Ufunguo hakuna!"

"Nimesikia!"

"Karavati limejaa!"

"Tunaliona! Gogo limeziba mdomo!"

Mzee Salehe akakohoa. Nasra alijua baba yake anataka kusema nini, na alijua kwamba hawezi kulisema. Kiwanja cha makaburi cha kwao baba kilikuwa pale nyuma, karibu na msikiti. Lakini mume hawezi kumwomba shemeji yake amwachie mkewe. Ni kama kuiba. Mwenye kusema ni Mjomba peke yake, na akisema imekwisha.

Nasra alianza kupiga kelele kwenye simu. "Hafidhi! Mwambieni Mjomba asubiri! Mvua imekatika, maji yatapungua kesho! Mama alisema apelekwe kwa mama yake. Aliniambia mimi! Hafidhi, unanisikia?"

Walimsikia wote. Sauti ya mwanamke ilitoka mfukoni mwa shati la Hafidhi, katikati ya wanaume waliobeba maiti, nyembamba, inakwaruza. Wengine wakageuza nyuso. Mmoja akaguna, "Astaghafirullah, zima hiyo."

"Mjomba asubiri! Nampigia—"

Simu ikakatika.

Alipiga tena. Imezimwa. Alimpigia Mjomba Luqmani. Aliiona kabisa, kule mbali, ile namna mzee alivyoshika mfuko wa kanzu, akaitazama simu, akairudisha. Nasra akageuka kushuka kifusi akimbie mpaka kwenye uzio, lolote na liwe, na mama wadogo wa upande wa baba wakawa wamesimama chini wamekusanya kanga zao.

"Unakwenda wapi?" alisema mmoja. "Unataka kumtia mama yako midomoni mwa watu siku yake ya mwisho?"

Alisimama pale kwenye magugu. Juu yake Filomena alikuwa bado anatazama, na yeye ndiye aliyemwambia yaliyofuata, kwa sababu bila simu hayakubaki maneno, yalibaki matendo tu.

"Mjomba wako amevua kilemba," alisema Filomena. "Anaonyesha kidole. Anaonyesha huku kwetu. Wifi, wamegeuza jeneza."

Walimzika Bi Shamsia alasiri, upande wa wakwe zake, kati ya shangazi yake Salehe na mtoto mchanga wa mtu. Kaburi lilichimbwa mbiombio na maji yalikuwa yanachuruzika ndani yake. Emmanuel aliacha lindo lake akaja kurusha udongo, na hakuna aliyemkataza.

Nasra alikuwa amepanda tena kifusi. Wanaume wa upande huu walikuwa wamepotea nyuma ya msikiti, kwa hiyo aliangalia upande wa pili. Ukoo ulikuwa umerudi shambani. Vijana wawili walikuwa wanakata mgomba. Waliuangusha, wakaondoa majani, wakapima kwa mkono, wakakata urefu wa mtu.

"Wana njaa na msiba?" aliuliza Filomena. "Mgomba wa nini sasa?"

"Kaburi halifukiwi tupu," alisema Nasra. "Lazima lipewe kitu. Likibaki wazi litamwita mwingine."

Waliuviringisha katika shuka jeupe. Waliubeba wanne. Nasra aliwaona wakipokezana mabega kwenye umbali ule mfupi, kwa heshima yote, mmoja anaachia na mwingine anapokea, kama ilivyotakiwa iwe. Kisha migomba mingine ikawaficha. Kilio cha mama wakubwa kilipofika, kilifika chembamba, na kilikatwa na treni ya kurudi.

Siku ya tatu maji ya karavati yalipungua. Yalibaki kifundoni. Gogo lilikuwa limesukumwa na mkondo wenyewe, bila mtu kuligusa. Nasra alishika viatu mkononi akapita chini ya reli, na upande wa pili hakuwa hata amelowa pindo.

Alimkuta Mjomba Luqmani ameketi kwenye kigogo karibu na kaburi. Lilitengenezwa vizuri, tuta limesawazishwa, pembezoni pamepandwa maua. Lilikuwa ubavuni mwa bibi. Lingemtosha kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umepita kule chini?"

"Nimepita."

"Kumekauka?"

"Maji ya kunawa tu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amezeeka kwa siku chache hizo, mashavu yamebonyea. "Simu yako niliiona," alisema.

"Najua."

"Ningepokea ningesema nini? Nimwambie dada yangu akae juani mpaka kesho? Na kesho mvua ingerudi? Mimi ndiye niliyesema asiletwe kwa gari. Hata lingekuwapo gari, njia haikuwapo. Najisemea hivyo. Usiku najisemea hivyo."

Nasra alichuchumaa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ya ukali, aliyapanga tangu nyumbani. Sasa hakuona pa kuyaweka. Mtu wa kumlaumu hakumpata; Emmanuel hakuwa na ufunguo, baba hakuwa na kauli, na huyu hapa alikuwa halali usiku.

"Nimwombee huku au kule?" aliuliza.

"Omba popote. Mungu hana uzio." Mjomba alisema hivyo kwa haraka, kama aliyejitayarisha, kisha akaonekana neno hilo halimtoshi hata yeye mwenyewe. Akaokota kijiti akaanza kuchora udongo. "Liko jambo lingine, na wewe ndiye binti wa pekee aliyetuachia dada yangu. Siku zetu, binti humfuata mamaye. Shamsia angelala hapa, wewe siku yako ungelala hapa ubavuni mwake, na binti zako baada yako. Hapa." Alionyesha nyasi tupu zilizokuwa zimefyekwa. "Sasa mamako yuko kwa wakwe. Hapa upo mgomba. Na wewe hujaolewa. Nikifa mimi, watu wa ukoo watakuja kuuliza, na mimi sina jibu la kuwaachia. Utalala wapi, Nasra?"

Alimtazama mjomba wake, akatazama nyasi zilizofyekwa. Kule chini treni ilipita, na wote wawili wakangoja ipite.

"Sijui, mjomba," alisema.

Mzee akakubali kwa kichwa. Hakumsukuma. Nasra akainama, akaanza kung'oa magugu machanga yaliyokuwa yameanza kuota juu ya kaburi, moja moja, na hakujua anamsafishia nani.